Shimo limekula mpira wako, haimaanishi ni bovu

Zamani kipimo changu cha shimo la gofu (yaani njia nzima kuanzia unapopiga mpira wa kwanza hadi kwenye bendera) kilikuwa kimoja tu: nikimaliza kwa pa, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo, basi shimo zuri, nikipoteza mpira basi aliyelichora hajui kazi. Kulikuwa na pa 4 moja nililichukia hivyo, kila nikipiga kutoka tii, pale pa kuanzia, mpira unaenda kulia majini, na nililisema vibaya kwa yeyote aliyekubali kunisikiliza. Siku moja bega likaniuma nikawa nawasindikiza tu wenzangu bila fimbo, tulipofika kwenye grini, pale penye nyasi fupi na bendera, nikageuka kutazama tulikotoka. Jamani! Kushoto feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa, ilikuwa pana kabisa, sikuwahi hata kuitazama, ila ukipita huko mkwaju wa pili unakuwa mrefu na banka, shimo la mchanga la kukunasa, linakukalia mbele ya grini. Yaani unachagua ulipe sasa au ulipe baadaye. Mimi ndo nilikuwa sioni.

Tangu hapo shimo nalisoma kuanzia mwisho. Simama kwenye grini, angalia imeinamia wapi, halafu jiulize ungependa kupiga ukitokea upande gani. Kama upande wowote ni sawa tu, hapo hakuna la kufikiria, ni nguvu tu. Mfano shimo namba 17 la uwanja wa Old Course kule St Andrews, Uskoti, pa 4 ya yadi 495, ukithubutu kupiga dreva (fimbo ya kupigia mbali) juu ya kona ya hoteli iliyoko kulia unapata njia nzuri ya kuingia grini, ukiogopa ukaenda kushoto basi lile banka dogo lenye kina kirefu linakaa katikati yako na bendera, na nyuma ya grini kuna barabara, ukizidisha nguvu umekwisha.

Urefu usikutishe wala usikudanganye. Shimo namba 10 la uwanja wa Riviera, Marekani, ni pa 4 ya yadi 315 hivi na mapro bado wanabishana wapige moja kwa moja hadi grini au wapige mkwaju mfupi kwanza.

Kitu kingine, mtazame mchezaji dhaifu. Mabanka mengi yamewekwa mahali ambapo anayepiga mbali anayaruka bila hata kuyaona, anayeadhibiwa ni yule anayehangaika tayari, na huo kwangu ni udhaifu mkubwa kuliko shimo kuwa gumu. Ndo maana shimo namba 17 la uwanja wa TPC Sawgrass, Marekani, ile grini iliyozungukwa na maji, kwenye TV naipenda sana lakini kama mchoro naipa maksi za wastani (najua mtanirukia), ni kama yadi 137 tu ila njia ni moja, ufike au uzame. Linganisha na shimo liitwalo Redan kule North Berwick, Uskoti, pa 3 ambayo grini yake inateremka kwenda nyuma kushoto na banka lenye kina linalinda upande huo wa kushoto, asiye na nguvu anaangusha mpira kulia mbele auache ubingirike wenyewe.

Na usihukumu kwa raundi moja, upepo ukigeuka shimo linaweza kuwa jingine kabisa. Lile langu la maji nililipa maksi tatu tofauti kabla sijatulia, na juzi nimepita kushoto vizuri kabisa nikaingia bankani, nikamaliza shimo kwa mikwaju sita.