Kabla ya Uso, Tazama Uzito Umeangukia Wapi

Miaka yangu miwili ya mwanzo nilichora nyuso tu. Macho yalitoka vizuri na watu wakasifu, lakini kuanzia shingoni kwenda chini mtu wangu alikuwa kama nguo iliyotundikwa msumarini. Kilichonizindua ni soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mbebaji alipita na ndoo kichwani: shingo wima, nyonga imesukumwa upande wa mguu unaobeba, mkono mmoja hewani unatafuta mizani. Uso wake sikuuona, na bado nilijua amechoka kiasi gani.

Nawe anzia hapo. Kaa mahali watu wanapofanya kazi, na kila mchoro uupe nusu dakika. Mstari wa kwanza uwe uti wa mgongo, kisha mabega, kisha nyonga. Anayesimama kwa mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega lake hushuka. Ukiichora mistari hiyo miwili sambamba, umechora mti. Tumia mkaa, na kifutio kiache nyumbani.

Ukishazoea, mtazame mchoraji Egon Schiele wa Vienna, aliyefariki mwaka 1918 akiwa na miaka 28 tu. Vidole vyenye vifundo, mabega yaliyojikunja, na nyuma ya mtu karatasi tupu. Hakuzidisha ovyo: alizidisha pale mwili ulipokuwa tayari umejikaza. Wachongaji wa Kimakonde nao, katika vinyago vya mashetani, hukuza kiungo kimoja na kingine wakakiacha kabisa. Ukikuza kila kitu, hakuna kitakachoonekana kikubwa.

Kwenye kamera, lenzi pana ikisogezwa karibu hukuza mkono au mguu ulio mbele, kwa hiyo itumie kwa kusudi. Mcheza ngoma ukimpiga kwa kasi ya 1/500, yaani lenzi ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, ataganda kama sanamu. Kwa 1/30 mkono utafifia huku mguu uliokanyaga ukibaki thabiti, ikiwa hukutikisika. Mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, Mali, mwaka 1963, alipiga picha ya kijana na msichana wakicheza dansi usiku wa Krismasi. Vichwa vimeinama, karibu vigusane, macho yao yanatazama miguu. Nyuso hazikuelekea kwetu, lakini furaha yote imo katika yale magoti.

Na omba ruhusa. Niliwahi kumpiga picha mama aliyeinama akipara samaki, bila kumwambia. Alipogundua alijifunika kanga, na asubuhi ile nzima hakuna aliyekaa kwa raha mbele yangu. Naye alikuwa na haki.

Ukisharuhusiwa, mwili utajikaza: tumbo litavutwa ndani, shingo itanyooshwa. Usibonyeze bado. Shusha kamera, ulizia bei ya kibua, ngoja mikono irudi kwenye kisu na magamba.