Pamba tambarare za Moshi: mvua imechelewa, je mbegu inayowahi itafidia?

Mkuu, umeuliza kama masika yakichelewa unaweza kusubiri hadi mwisho wa Aprili ndo upande pamba, ila uchukue mbegu inayowahi kukomaa ili ifidie. Nimelima pamba Maswa, Usukumani, kabla sijarudi Moshi na sasa nalima huku tambarare za chini, nakuomba sana usifanye hivyo.

Kalenda ya Usukumani iache hukohuko. Kule wanapanda katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba na mvua inawabeba miezi kibao, huku kwetu tunategemea masika tu, mimi mbegu inaingia ardhini kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi, mvua ikinyesha ya kueleweka.

Piga hesabu mwenyewe. Ua la kwanza linatoka kama miezi miwili baada ya kupanda, halafu toka ua mpaka kitumba (tunda la pamba) kipasuke ni siku 45 hadi 60, sasa ukipanda mwisho wa Aprili maua yanakukuta mwisho wa Juni, mvua imekata na baridi imeshika. Pamba inataka joto aisee, usiku ukigusa nyuzijoto 15 mmea unakuwa kama umesimama, kwahiyo mbegu uliyoambiwa miezi mitano inavuta hadi sita.

Mbegu inayowahi inasaidia ndio, sababu inaanza kubeba kwenye matawi ya chini mapema, so kwa waliochelewa yenyewe inapoteza kidogo kuliko ile ya muda mrefu. Lakini kupoteza iko palepale. Chukua kitumba cha juu cha pamba iliyochelewa ukipasue kwa kisu, utakuta nyuzi zimegandana zina majimaji na mbegu ndani ni nyeupe, unaiponda kwa kucha. Kile cha chini kilichowahi mvua mbegu yake ngumu. Hicho cha juu kikija kupasuka hakina uzito kwenye mzani na kinaenda kwenye pamba fifi, ile ya daraja la chini. Bado funza wa vitumba na kangambili (wadudu wanaochafua pamba), majirani wakishavuna wote wanahamia kwako.

Kwahiyo Aprili ikikukuta hujapanda weka choroko, miezi miwili na kidogo unavuna, pamba isubiri mwakani. Labda kama una mfereji wa uhakika, hapo kiu unaimaliza ila baridi bado unayo. Shamba lako liko upande gani, huko chini kwenye mashamba ya miwa ya TPC au juu kidogo?