Chumba Karibu na Mwendokasi: Majibu kwa Wasomaji

Nahamia Dar es Salaam kutoka Mwanza, nimepata kazi Posta, katikati ya jiji. Dalali ana chumba Magomeni na kingine Mbezi, anasema vyote "viko mwendokasi". Nichukue kipi?

Njia ya awamu ya kwanza ya mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye barabara zao, iliyoanza kazi Mei 2016, ina kilomita 21 hivi: Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Mbezi iko mbele ya Kimara, kwa hiyo huko huenda ukahesabu safari mbili. Magomeni ni jirani na Posta, lakini asubuhi mabasi hujaa tangu Kimara. Yakifika Magomeni hakuna pa kukanyaga. Anayepandia Kimara hulikuta basi tupu, na jioni hulipandia Kivukoni linapoanzia. Mwambie dalali atafute chumba cha tatu: Kimara, mwendo wa dakika 10 kwa miguu hadi kituoni. Ukizidi hapo utakuwa unalipa bodaboda kwenda na kurudi.

Kabla ya kutoa hela, simama kwenye kituo cha karibu na chumba Jumanne au Jumatano, saa 12:30 hadi 1:30 asubuhi. Andika kila basi la Kivukoni linalopita, na uweke alama kwa yale ambayo ungeweza kuingia. Ya Gerezani na Morocco usiyahesabu, hayakufikishi Posta. Kusubiri dakika 20 asubuhi na 20 jioni, kwa siku 22 za kazi, ni saa 14 na dakika 40 kila mwezi. Usiruke hatua hii, maana wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja. Ukikosea huwezi kuhama kesho. Omba kulipa miezi mitatu, wapo wanaokubali.

Tena kuna Jangwani. Kati ya Magomeni na kituo cha Fire barabara inakatiza bonde la Mto Msimbazi, na masika yakikolea maji hupanda juu, njia ikafungwa. Jifunze mapema kuzunguka: tawi la Morocco, kisha daladala ya Posta kupitia Daraja la Salenda.

Nina kampuni ndogo ya programu za kompyuta. Vijana wazuri wanaacha kazi wakipata ofisi iliyo karibu na kwao. Njia mpya za mwendokasi za Mbagala na Gongo la Mboto zitanisaidia?

Zitakusaidia mabasi yakiwa ya kutosha, na hapo ndipo miji mingi hukwama. Chukua njia ambayo basi huenda na kurudi kwa dakika 100. Ukitaka basi kila baada ya dakika 4 unahitaji mabasi 25 barabarani, na mengine mawili au matatu ya akiba. Manane yakilala karakana kwa kukosa vipuri, hata kama akiba yote imeingia kazini, yanabaki kama 20 na pengo linakuwa dakika 5. Akiba isipokuwepo yanabaki 17, pengo linakaribia dakika 6. Basi refu la watu 150 likipita kila dakika 2 linasafirisha watu 4,500 kwa saa. Kila dakika 6, watu 1,500 tu. Zege ni lile lile. Kijana anayelinganisha kazi mbili haoni urefu wa njia, anaona saa anayofika nyumbani. Viongozi wanaotangaza kilomita bila kutangaza idadi ya mabasi wanatuambia nusu ya habari, na nusu wanayoiacha ndiyo tunayoihitaji.

Kwa upande wako, usipange ofisi zaidi ya mita 800 kutoka kituoni, na ruhusu kuanza kazi saa 3:30 asubuhi. Hilo la pili halina gharama, na linamwondoa mfanyakazi wako katika saa mbaya kuliko zote.

Naweza kuishi Morogoro na kufanya kazi Dar kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa?

Kila siku, hapana. Treni ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi kwa siku 22 ni 572,000, mbali na usafiri wa kutoka stesheni hadi ofisini. Mwajiri akikuruhusu kufika ofisini siku mbili kwa wiki, gharama hushuka hadi kama 208,000 kwa wiki nne, na kodi ya Morogoro inaweza kuifidia. Linganisha kwanza ratiba ya treni ya jioni na saa yako ya kutoka kazini.