Muulize Mjomba Santuri: ukumbi umekaa kimya, nipige nini?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni dijei chipukizi hapa Dar, spika zangu mwenyewe nabeba kwa Kirikuu, Jumamosi nina harusi na ukumbini kutakuwa na bibi mpaka watoto, flashi yangu imejaa bongofleva tu, niongezee nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bongofleva peke yake haitoshi, wazee watakukalia kwenye viti mpaka keki iishe. Anza na dansi la zamani, Sina Makosa ya Les Wanyika inawanyanyua wenyewe bila emsii kuwabembeleza. Rhumba ya Kongo ndo ujue kuipanga, maana nyingi zinaanza taratibu halafu sebene inaingia mwishoni gitaa likichachamaa, sasa dijei asiye na subira anakata wimbo kabla ya sebene na hapo amewanyima watu utamu wote, tafadhali usifanye hivyo, iache Loi ya Koffi Olomide iende mpaka mwisho.

Nyimbo za Afrika Kusini usikose, Vul'indlela ya Brenda Fassie ni ya harusi kabisa, mzazi anafurahia mwanae kuoa, na Jerusalema ya Master KG wataipangia mistari hata watoto. Taarab weka wakati wa kutunza, Khadija Kopa akiimba noti zinatoka zenyewe kwenye mikoba. Singeli inapita midundo 200 kwa dakika, iweke saa tano usiku bibi akishaondoka.