WordPress au mfumo wa kuandikiwa? Kwanza niambie nani atabadilisha bei

Msomaji mmoja wa Singida anayekamua mafuta ya alizeti ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nataka tovuti ya kampuni, iwe yetu kabisa, isifanane na ya mtu. Fundi wa kwanza kaniambia WordPress. Wa pili kacheka, kasema WordPress ni ya mablogu, nilipie mfumo uandikwe kuanzia sifuri. Nimsikilize yupi?"

Swali limenikuta pazuri. Mwezi huu kampuni moja ya viwanja hapa Dodoma imerudi kwangu baada ya kunikacha, na nilikuwa natafuta sababu ya kuyasimulia hadharani. Sasa nimeipata. Jina lao silitaji; wakisoma watajijua.

Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa biashara ya viwanja. Tangu Rais Magufuli atangaze mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku, mashamba ya uwele ya pembezoni yamegeuka vitalu. Nala, Ihumwa, Iyumbu, Nzuguni, kote ni bango kwa bango. Kampuni hii ilitaka tovuti ambayo mtu aliyeko Mwanza au Dar es Salaam ataifungua, aone kiwanja kipo wapi, kina ukubwa gani, bei yake, na kama bado kipo. Hiyo "kama bado kipo" ndiyo iliyowatoa jasho baadaye.

Nilipoitwa mara ya kwanza sikufungua kompyuta. Nilimwuliza mkurugenzi, "Mzee, kiwanja kikiuzwa leo saa nane mchana, nani atakiondoa kwenye tovuti?" Akanionesha kwa kidevu binti wa mapokezi. Nikaenda kukaa naye. Alikuwa na jedwali lake la Excel ambalo bosi wake nadhani hajawahi kulitazama vizuri: kitalu, namba ya kiwanja, mita za mraba, matumizi kama ni makazi au biashara, bei, na safu ya mwisho ya rangi. Kijani bado kipo, njano kimeshikiliwa, nyekundu kimeuzwa.

Kwangu mimi, CMS, yaani mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti kama WordPress, ilichaguliwa pale pale mezani kwa yule binti. Kiwanja si makala. Ni kitu chenye sehemu sita, na CMS inayomfaa ni ile itakayompa fomu yenye sehemu hizo hizo sita, kwa majina anayoyatumia yeye, kisha ukurasa ujipange wenyewe. Asiguse mwonekano, wala asiulizwe mambo ya fonti. Abadilishe njano kuwa nyekundu, abonyeze hifadhi, arudi kupokea simu. WordPress inaweza hivyo kwa kuisajilia aina yako ya maudhui, yaani kuifundisha kwamba "kiwanja" ni kitu chenye fomu yake. Drupal, CMS nyingine, inaweza, tena sehemu za namna hiyo zimo ndani yake bila plagini, yaani programu ndogo ya kupachika. Joomla nayo ilizipata mwaka 2017. Mimi nikapendekeza WordPress, na sababu nitaieleza.

Mkurugenzi akasoma makadirio yangu, akavua miwani. "Kijana wangu, hii WordPress si ya bure? Nikulipe hela yote hii kwa kitu cha bure?"

Nikamweleza kwamba ni programu huria, ipo tangu mwaka 2003, kwamba zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinaendeshwa nayo, na kwamba Ikulu ya Marekani yenyewe, iliyokuwa ikitumia Drupal tangu 2009, ilihamia WordPress mwaka 2017. Anacholipia ni kazi ya kuibana iendane na jedwali la binti wake. Akaniitikia kwa heshima zote, akanipa chai, na baada ya hapo simu zangu zikawa hazipokelewi. Nikaja kusikia kwamba kazi imepewa kampuni ya Dar es Salaam iliyokuja na projekta na maneno "mfumo wetu wenyewe". Bei yao ilikuwa kubwa kuliko yangu, na nadhani ukubwa wenyewe ndio uliomtuliza mzee.

Nilikasirika, nisidanganye. Sijapoa vizuri hata sasa. Kuna ugonjwa hapa mjini wa kuamini kwamba kitu cha maana lazima kitoke Dar, hata baada ya wizara zote kutuhamia. Basi tuendelee.

Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri kwa macho. Ulikuwa umeandikwa kwa Laravel na kijana mmoja, na yule kijana, nimeupitia msimbo wake, si mbumbumbu hata kidogo. Lakini Laravel siyo CMS. Ni zana ya kuandikia programu, na kila kidirisha ambacho binti wa mapokezi angekihitaji ilibidi mtu akae akitengeneze. Hawakuvitengeneza. Kiwanja kikiuzwa, binti aliandika barua pepe Dar, akasubiri, na mabadiliko yalikuwa yanatozwa. Mkurugenzi alipoona ankara zimekuwa nyingi akaamuru yakusanywe yatumwe mara moja kwa mwezi. Unaona inakoelekea. Kisha kijana akapata ajira kwingine, na hakukuwa na hata karatasi moja ya maelezo.

Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, mambo yakazidi, maana sasa mteja wa Dar anaweza kuja kuona kiwanja na kurudi siku hiyo hiyo. Walikuja. Mtu anashuka na mkewe, ana namba ya kiwanja ameipiga picha kutoka kwenye tovuti, anapelekwa Nala, anakuta msingi umeshamwagwa zege na mwenye nyumba amekaa kivulini anawatazama. Kelele zote zilimshukia binti wa mapokezi. Mwishowe akaachana na tovuti, akawa anauza kwa kuweka viwanja kwenye WhatsApp yake mwenyewe, na kwa kweli aliuza.

Ndipo simu yangu ikaita. "Kijana wangu, uko wapi siku hizi?"

Sasa ndugu yangu wa Singida, na wengine wote mnaopanga kukuza biashara mpaka watu wawatafute kwa jina, nisikilizeni. Mwonekano wa kipekee na injini ya kipekee ni mambo mawili tofauti. Fundi mzuri anaweza kukuandikia mwonekano usiofanana na wa mtu yeyote, juu ya WordPress au Drupal, bila kutumia themu (vazi la tovuti lililoshonwa tayari) ya kununua. Injini ya kuandikiwa kuanzia sifuri inafaa pale ambapo biashara yenyewe ina mzunguko ambao hakuna CMS inayoujua: kukokotoa mkopo, kupanga magari ya mizigo, mnada. Kuonesha madumu ya lita tano na lita ishirini na bei zake hakuhitaji injini mpya. Anayekwambia inahitaji anatafuta kazi ya mwaka mzima.

Kwa nini WordPress na si Drupal? Drupal, aliyoianzisha Dries Buytaert, naiheshimu; kwa taasisi yenye wahariri wengi, ngazi za ruhusa na lugha kadhaa, ningekushauri uitazame kwanza. Ila tafuta fundi wa Drupal hapa Dodoma usiku tovuti imelala, uone. Na gharama ya kuitunza si ndogo. Drupal 7, iliyotoka mwaka 2011, ilikomeshewa huduma tarehe 5 Januari 2025, na kutoka hiyo kwenda matoleo mapya ilikuwa karibu sawa na kujenga upya. Fundi wa WordPress utampata UDOM, utampata Makole, utampata hata jirani yako. Wengi ni wababaishaji, nakubali, lakini wapo wa kuchagua. Joomla sina neno nayo. Inafanya kazi, ila mafundi wake naona wanazidi kupungua huku kwetu.

Wix na wenzake, huduma za kujijengea tovuti za kulipia kwa mwezi, ni rahisi kuanza nao, na kwa saluni au mgahawa sikukatazi. Shida ni kwamba tovuti ya Wix inaishi kwenye seva za Wix tu. Siku ukitaka kuondoka, unaondoka na maneno na picha zako, tovuti unaiacha. Na malipo yanakwenda kwa dola wakati wewe unauza kwa shilingi.

Mambo ya hostingi, yaani kukodi seva ya kuwekea tovuti, nayaruka, yanachosha na nimeshayaandika.

Usiyaruke ya plagini. WordPress nyingi zinazoangushwa hapa nchini ninazoitwa kuzifufua ziliingiliwa kupitia plagini ambayo haijasasishwa au themu ya wizi, ile ya kulipia ambayo fundi kaishusha bure mahali. Themu za namna hiyo mara nyingi zinakuja na mlango wa nyuma, wa mwizi kuingilia. Mwenye tovuti hajui lolote mpaka siku anaitafuta kampuni yake Google, anakuta imejaa maandishi ya Kijapani au matangazo ya kubeti. Na hili si la WordPress peke yake: Machi 2018 Drupal ilitangaza tundu lililomruhusu mtu asiye hata na akaunti kuendesha msimbo wake kwenye seva yako, na ndani ya wiki chache roboti zilikuwa zinazunguka mtandaoni kulitafuta. Hakuna CMS isiyotaka matunzo. Mfumo wa kuandikiwa nao una matundu, ila hakuna atakayekutangazia.

Kuna jambo moja la kiufundi nataka umwambie fundi wako neno kwa neno, hata kama hulielewi: aina za maudhui zisajiliwe kwenye plagini yenu ndogo, zisifungwe ndani ya themu. Vinginevyo siku mkibadilisha mwonekano, viwanja vyote, au madumu yote, yanatoweka kwenye ukurasa wa usimamizi, na utadhani yamefutwa. Na usitegemee mno plagini ya mtu mmoja kwa kitu kinachobeba biashara yako. Oktoba 2024, katikati ya ugomvi na kampuni ya hostingi ya WP Engine, WordPress.org, linakoshushwa WordPress na plagini zake, iliichukua plagini maarufu ya kampuni hiyo, ACF, ya kuongezea sehemu za fomu, kwenye ghala lake na kuigeuza Secure Custom Fields. Tovuti ziliendelea, lakini watu waliamka asubuhi wakakuta jina jingine, na wateja wangu walinipigia kwa hofu.

Funguo zote ziwe zako. Domeni, yaani anwani ya tovuti, ya .co.tz iandikishwe kwa jina la kampuni, siyo la fundi, hata kama fundi ni shemeji yako. Hao wa viwanja, domeni yao ilikuwa kwa jina la wale wa Dar, na kuirudisha kulichukua barua na simu nyingi kuliko kazi yenyewe ya kujenga. Akaunti ya hostingi iwe yako. Bakapu, nakala ya akiba ya tovuti, ikae mahali ambapo fundi hawezi kuifuta akikasirika. Mafundi wenzangu hawapendi nikiandika haya. Samahani, nayaandika.

Halafu fomu. Ukimwambia mteja ajaze jina, simu na namba ya NIDA, umekuwa mkusanyaji wa taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Omba unachokihitaji tu. Kwa kuuza mafuta, simu inatosha.

Picha nazo. Wapima wanapiga picha za uwanjani kwa simu kubwa, kila moja megabaiti kadhaa. WordPress tangu toleo la 5.3 inazipunguza mpaka pikseli 2560, lakini bado ni nzito kwa mteja wa Kibaigwa anayehesabu bando. Mwambie fundi ashushe zaidi.

Ukibaki njia panda kati ya mifumo miwili, usimpe bosi aijaribu. Bosi anapenda anachokiona mbele, na nyuma hatakaa. Ipo WordPress Playground, inafunguka bure kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Mkalishe pale yule atakayefanya kazi, mpe bidhaa tatu aziingize, na fundi atoke chumbani. Fanya hivyo tena siku ya makabidhiano, kwenye tovuti yenu halisi, kabla ya kulipa awamu ya mwisho.

Kwa wale wa viwanja tulifanya mbele ya mkurugenzi mwenyewe, kwa simu ya binti, maana nusu ya siku yupo uwanjani. Aliingiza viwanja vyake bila kuniuliza kitu. Kisha akasimama kwenye sehemu ya hali. "Kaka, na mteja aliyelipa nusu, halafu kanyamaza, namweka wapi?" Mzee akageuka. "Wapo wangapi hao?" Binti akaanza kuwataja kwa vidole, vidole vikaisha. Mchana ule ule niliongeza sehemu ya saba, ya malipo yaliyofika na tarehe ya mwisho, na ankara ya kazi hiyo ya ziada nilimtumia mzee kabla hajaenda kula.