ACT-CIS ya Ufilipino: kura nyingi, viti vitatu

Ndugu, umeuliza ilikuwaje ACT-CIS, chama cha kupinga uhalifu kule Ufilipino, kiongoze kwa kura mwaka 2019 halafu kipate wabunge watatu tu. Sheria ndiyo inayokibana. Katika Baraza la Wawakilishi, asilimia 20 ya viti hutengwa kwa vyama vya orodha, yaani vyama vinavyopigiwa kura nchi nzima na kutoa wabunge kutoka orodha ya majina yao, na mpiga kura hupiga mara mbili: mbunge wa jimbo lake, kisha chama cha orodha. Ukifikisha asilimia 2 una uhakika wa kiti kimoja, lakini hata ukizoa mamilioni huvuki vitatu. Mwaka 2019 walipata zaidi ya kura milioni 2.6, wakaongoza vyama vyote vya orodha, wakaishia hapo hapo. Baraza lina viti zaidi ya 300, kwa hiyo peke yao hawapitishi muswada.

Kinachoniuma ni kingine. Katiba ya 1987 iliweka viti hivi ili wakulima, wafanyakazi na maskini wa mijini wapate sauti. Sasa mmoja wa watatu wale wa 2019, Jocelyn Tulfo, ni mke wa Raffy Tulfo, mtangazaji maarufu mno. Uhalifu unawaumiza maskini kuliko wote. Wangestahili kujisemea wenyewe humo bungeni.