Mumiani ni yule daktari

Wiki hii mmeuliza ni filamu gani ya zamani ya kutisha ambayo hadi leo inamnyima msomaji usingizi. Kwangu mimi, hakuna. Nimeitazama tena Dracula ya mwaka 1958, ile ya kampuni ya Hammer ya Uingereza iliyoongozwa na Terence Fisher, na sikuona cha kunitoa jasho. Damu yake ni nyekundu kama rangi ya kupaka mlango. Popo mnayemsubiri hatokei.

Kinachonirudisha kwenye filamu hii ni adabu ya yule mnyonya damu. Christopher Lee anatokea juu ya ngazi, kivuli kirefu, muziki wa James Bernard unapiga zile noti tatu zinazolitamka jina lake, nawe umeshajikunyata. Kumbe anashuka, anamsalimu mgeni kwa upole, anampokea mzigo na kumpandishia mwenyewe hadi chumbani. Mtu wa karibu mita mbili, mwenye ngome yake, anabeba mkoba wa mkutubi! Akishamtakia usiku mwema anaufunga mlango kwa nje. Tena maneno yake yote anayamaliza huko mwanzoni na yule mgeni. Baada ya hapo hasemi kitu mpaka filamu inakwisha.

Nilitaka niishie hapo, ila siwezi kuitaja filamu hii bila kumtaja bibi yangu, Mungu amrehemu.

Tulikuwa Tanga, Ngamiani. Mjomba, baharia, alikuja likizo na deki ya video na kaseti chache, na jioni sebule ikajaa watoto wa mtaa mzima. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani, na alipochoka kutafsiri alitunga. Bibi alikaa kwenye mkeka na ungo wake wa mchele, eti hatazami. Mlango ulipofungwa kwa nje, mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Mgeni anafungiwa?"

"Mama, huyo ndiye mnyonya damu mwenyewe."

Bibi akaguna, akaendelea kuchambua. Meno hayakumshtua, wala yale macho mekundu. Mwanamke wa ngomeni alipomrukia mgeni shingoni, alisema tu kwamba yule hakulelewa.

Ndipo akaingia Peter Cushing, Daktari Van Helsing. Amevaa akapendeza, ana mkoba wa vifaa, anaongea peke yake mbele ya mashine ya kurekodi sauti. Bibi akausukuma ungo pembeni. Kisha tukafika pale Mina amelala hoi kitandani, mumewe Arthur ameukunja mkono wa shati, damu yake inapitishwa kwenye mpira kwenda kwa mkewe, na daktari kasimama kuisimamia kazi. Alipomaliza akamwambia Arthur anywe chai, kahawa, au bora zaidi divai.

"Huyo!" Bibi akanyoosha kidole. "Mumiani ni huyo."

Mjomba akaanza kumweleza kwamba daktari anaponya, na yeye akamkatiza. Yule wa ngomeni ana mpira? Ana mkoba? Huyu kaingia nyumba ya watu, binti wa kwanza kafa mikononi mwake, kaburini kamfuata akampigilia mti kifuani, na sasa kahamia kwa wa pili. "Na mume anakaa, anatoa mkono!" Kwa Arthur ndiko hasira yote ilikoishia. Mjomba alisimamisha kaseti, wakabishana mpaka adhana ya isha, na sisi watoto tukabaki tunamtazama Arthur amegandishwa kwenye kioo na mkono wake wazi.

Tulicheka. Lakini waliokulia Pwani enzi za Mwingereza wanajua alikuwa anaona nini. Mumiani wa masimulizi yao hakuwa na meno marefu. Alikuwa na kazi, vifaa na gari. Damu ilikusanywa ikatengenezewe dawa za watu wengine. Likipita gari la zimamoto, watoto waliingizwa ndani. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya aina hiyo Kenya na Uganda, akayatolea kitabu mwaka 2000, na ndani yake wazimamoto hawapungui.

Sasa nikimtazama Cushing kwa jicho la bibi, adabu ya Lee naiona ndogo. Mwishoni daktari anakimbia juu ya meza ndefu, anaruka kwenye mapazia na kuyaangusha, mwanga wa jua unaingia, anavipachika vinara viwili vya mishumaa viwe msalaba (wazo lilikuwa la Cushing mwenyewe) na kumsukumia mwenzake juani hadi anabaki majivu na pete. Uso wake hauna chuki, ni wa mtu aliye kazini. Huo ndio unaonifuata nikienda kulala.

Kwa hiyo niandikeni kwamba inatisha, kwa masharti. Tafuteni nakala iliyosafishwa mwaka 2012, yenye vipande vilivyokatwa na wadhibiti wa filamu wa Uingereza vikaja kuonekana Tokyo. Yule ofisa wa mpakani anapoanza vichekesho vyake, nendeni mkateleke chai, hamtakosa kitu. Na kama nyumbani kuna mzee wa Pwani, mwambieni mapema kwamba daktari ni mtu mwema. Akikataa, msimbishie sana, maana hoja zake mimi bado sijazijibu.